Jina la Kipa

Jiwe lilifika uwanjani Alhamisi asubuhi, limefungwa kwa mablanketi na kamba, juu ya lori lililotoka Karaganda. Wanaume wanne walilishusha huku wakitukana kwa sauti ya chini, maana palikuwa na mwanamke karibu. Mwanamke huyo alikuwa Raikhan, karani wa klabu na pia sauti ya uwanja. Yeye ndiye anayesoma vikosi kwenye kipaza sauti, anayetangaza mabadiliko, na anayewaomba watu wa jukwaa la magharibi wasiteme maganda ya alizeti kwenye viti. Mji mzima wa Tasotkel unaijua sauti yake. Akiuliza bei ya karoti sokoni, muuzaji humjibu, "Kwanza niambie nani kafunga, dada."

Wanaume walipokwenda kunywa chai, alifungua kamba mwenyewe. Hakuweza kungoja. Jiwe lilikuwa jeusi, limesuguliwa mpaka aliuona uso wake ndani yake, na juu yake yalichongwa majina ya wale kumi na moja walioleta Kombe la Jamhuri mwaka wa sabini na nne, zamani klabu ikiitwa Avangard. Alianza kusoma kutoka chini, kwa washambuliaji, akapanda polepole kwenye viungo, kisha walinzi. Jina la kipa lilikuwa juu kabisa, na alilibakiza makusudi, kama mtoto anavyobakiza kipande cha nyama mwisho wa sahani.

Kipa, kwa mujibu wa jiwe, alikuwa V. Schmidt.

Raikhan akasoma tena. Akapitisha kidole juu ya herufi, kana kwamba ni vumbi linaloweza kufutika. Kipa wa siku ile alikuwa Ata, baba mkwe wake, ambaye wakati huohuo alikuwa nyumbani akipunguza masharubu kwa ajili ya Jumamosi.

Ata maana yake ni babu tu; ana jina lake, bila shaka, na kuna wakati jukwaa zima lilikuwa likilipiga kelele. Lakini sisi tunamfuata Raikhan, na Raikhan tangu aolewe hajawahi kulitamka, kwa hiyo msomaji atuvumilie. Kwa watu wake, Wakazakhi, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba wa mumewe, wala la babu, wala la mashemeji wakubwa. Huwaita kwa majina ya heshima anayoyabuni mwenyewe. Mabibi harusi wengi wa siku hizi wameshaacha, wanawaita wakwe zao kwa majina kama wanavyotaja maduka. Raikhan alilelewa kijijini na bibi yake, na bibi yule hata mto uliobeba jina la shemeji yake aliuita "yale maji". Mambo ya namna hiyo yakishaingia mwilini hayatoki kwa sababu umepata kazi ya ofisini.

Na hapo ndipo kosa lilipoingia. Majira ya baridi, kijana mchongaji aitwaye Timur alimpigia simu kutoka Karaganda ampe majina. Raikhan akamtajia kumi bila taabu.

"Na golini?" Timur akauliza.

"Golini ni Ata."

"Ata nani?"

Ulimi ukawa mzito. Ofisini walikuwepo watu watatu, na hata wasingekuwepo, ulimi ungekuwa mzito vilevile. "Kipa," akasema. "Yule mkubwa. Jina lake nitakutumia."

"Usijisumbue, dada. Ninayo ile picha mliyoniletea, majina yameandikwa nyuma. Kipa nitamwona tu."

"Ndiyo, yumo kwenye picha," Raikhan akasema, na akashusha pumzi kwa jinsi alivyopata nafuu. Hakutuma kitu. Kwenye picha ile mtu mwenye glavu mkononi alikuwa Vitya Schmidt, kipa wa akiba.

*

Mkurugenzi wa klabu, Sanzhar, alikuwa kijana wa suti na raba nyeupe. Hakuwa mtu mbaya. Aliipokea klabu ikiwa na madeni na nyasi za njano, akaibadilisha jina kuwa Arlan, akaichorea mbwa mwitu kifuani, na sasa watu walikuwa wakija tena uwanjani na watoto wao.

"Jiwe lina makosa," Raikhan akamwambia.

"Usiniambie wamekosea bendera."

"Ni kipa. Schmidt hakucheza fainali, alikaa benchi. Aliyecheza ni Ata."

"Ata yupi?"

"Ata wetu. Baba mkwe wangu."

"Aa, yule mzee!" Sanzhar akalitaja jina, hivihivi tu, huku akitafuta simu yake chini ya makaratasi. Raikhan akatazama sakafu. "Sasa Timur anasema majina ulimpa wewe."

"Nilimpa kumi."

"Na la kumi na moja?"

Sanzhar naye alikuwa Mkazakhi, ana mama, na mama yake ana wakwe. Alimtazama kidogo, akaelewa, akaanza kucheka, kisha akaacha.

"Dada Raikhan. Kwenye simu? Mzee mwenyewe hayupo?"

"Hayupo."

"Kwa mtu wa Karaganda ambaye hata hamjui?"

"Ndivyo ilivyokuwa, Sanzhar. Nifanyeje sasa?"

Sanzhar akasimama dirishani. Jiwe lingine lisingepatikana kabla ya Jumamosi, na Jumamosi ndiyo sherehe ya miaka sitini ya klabu, na Akimu, mkubwa wa mkoa, ndiye atakayevuta kitambaa mbele ya kamera. Akashauri wabandike karatasi nzuri juu ya lile jina. Raikhan akamuuliza kama kaburi la babu yake amelibandika karatasi. Akakubali kwamba wazo lilikuwa la kijinga.

"Basi mwakani. Nakuahidi, mwakani tutachonga upya."

"Ana miaka sabini na nne."

"Mzee yuko imara, nilimwona sokoni anabeba gunia." Akarudi mezani. "Sikiliza. Jumamosi soma kama ilivyo kwenye jiwe. Ukisoma jina lingine, Akimu atageuka kuniuliza mimi, na mimi nitaulizwa mkoa mzima ukitazama. Nakuomba kama mdogo wako. Mzee nitamweka mstari wa tatu, na mto wa kukalia."

"Na joho?" Raikhan akauliza. Wazee wa kombe walikuwa wavishwe majoho ya heshima, ya mahameli, yenye nakshi za dhahabu mgongoni.

"Majoho yameshonwa kwa walio hai kati ya walioko kwenye jiwe," Sanzhar akasema, na walau aliona haya. "La Schmidt tutalituma Ujerumani, anakoishi sasa."

*

Nyumbani, mama mkwe, jina lake Kulyan, alikuwa akikanda unga ndani ya beseni la zinki. Lile beseni lilikuwa mshahara. Miaka ya tisini, kiwanda cha zinki kilichoilipa klabu kilipokosa fedha, klabu ikiitwa Dala, wachezaji na makocha walilipwa mabeseni, wakawa wanayauza kwenye stesheni kwa abiria wa treni ya Tashkent. Ata, wakati huo kocha wa makipa, alibaki na moja ambalo hakuna abiria aliyelitaka kwa sababu lina kibonyeo. Ndani yake Raikhan aliwaogesha wanawe wote, na ndani yake sasa ulikuwa unga wa maandazi ya wageni wa Jumamosi. Mama Kulyan alikuwa amealika ukoo: dada zake Ata kutoka kijijini, waume zao, na wengine ambao wangejialika wenyewe.

Chai ilikuwa kazi ya Raikhan, kama ilivyo kazi ya mkwe katika kila nyumba. Alimimina kidogo kidogo kwenye vibakuli, nusu tu, maana kibakuli kilichojaa ni kumwambia mtu anywe aondoke. Ata alikaa mahali pake mbali na mlango. Masharubu yalikuwa yamepunguzwa upande mmoja zaidi ya mwingine.

"Jiwe limefika?" akauliza.

"Limefika, Ata."

"Kubwa?"

"Kubwa."

Akanywa. Akarudisha kibakuli. Raikhan akamimina tena.

"Mimi mambo hayo siyajali," Ata akasema. "Jiwe ni jiwe. Ila nilikuwa nataka kujua tu, majina wameandika kwa herufi zipi? Zile zetu za zamani, au hizi mpya ambazo siwezi kusoma vizuri?"

"Za zamani, Ata."

"Afadhali," akasema Ata. Halafu, kwa kuwa hakuyajali mambo hayo, akauliza kama herufi zimetiwa rangi ya dhahabu au nyeupe, na kama mtu mwenye miwani aliyekaa jukwaani ataweza kuzisoma. Raikhan akajibu yote, na kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu lilimchoma. Akasingizia birika ili aondoke mezani.

*

Siri alimwambia mama mkwe Ijumaa, jikoni, wakichoma maandazi. Hakupanga kumwambia.

"Unakoroga mafuta kama unamtafuta mtu ndani yake," Mama Kulyan akasema. "Sema."

Akasema. Mama Kulyan akazima gesi.

"Schmidt? Vitya Schmidt? Yule aliyekuwa anakuja kula hapa bila kualikwa?"

"Huyo huyo."

"Hakugusa mpira siku ile! Aligusa glavu tu, na glavu zenyewe hazikuwa zake." Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Mpiga picha alipokuja, Vitya alikuwa karibu kulia. Anasema mama yake atatazama picha aulize, mwanangu alikuwa nani hapa, mbeba maji? Mzee akavua glavu akampa. Shika, akamwambia, mama yako afurahi. Hivyo ndivyo alivyo, mume wangu. Angekuwa na akili kidogo tungekuwa mbali."

"Kosa ni langu, Mama. Kijana aliniuliza jina nikashindwa."

Raikhan alingoja kugombezwa. Mama Kulyan alikuwa mwepesi wa kugomba. Kwa andazi lililoungua aliweza kugomba mpaka Jumanne. Lakini alipangusa unga vidoleni.

"Mimi," akasema mwisho, "mwaka mmoja nilipeleka kifurushi posta. Soksi za sufu, Mzee alikuwa kambini na timu. Karani ananiuliza, kinakwenda kwa nani? Nikamwambia andika, Mwenye Nyumba. Ananiuliza, mwenye nyumba ipi? Nikamwambia, yangu. Kifurushi kilikwenda mpaka Alma-Ata, mji mkuu wa wakati ule, kikarudi."

Wakacheka wote wawili, mpaka Raikhan akajikuta anafuta machozi na si ya kicheko.

"Mama. Sasa hivi nani anamwita Ata kwa jina lake?"

"Nani? Watu wengi." Mama Kulyan akafikiri. "Mama yake alikuwa akimwita kutwa. Kaka zake." Wote hao walikuwa wameshazikwa, na wanawake wale wawili walijua. "Wenzake wa timu. Waliobaki hapa ni wawili, mmoja hamtambui hata mkewe, mwingine haongei tangu kiharusi. Dada zake wanamwita Kaka. Wajukuu, Ata. Mimi namwita Mzee." Akahesabu tena. "Vitya humpigia simu mwaka mpya. Vitya humwita."

"Mmoja."

"Na yule nesi wa kliniki, akimwita apimwe presha."

Hakuna aliyecheka mara hii. Mafuta yalikuwa yakipoa kwenye sufuria.

"Kesho nitalisema," Raikhan akasema.

"Hutalisema!" Mama Kulyan akainuka. "Wifi zangu wote watakuwa jukwaani. Watasema Kulyan hakumfunza mkwe wake, mkwe anampigia baba wa mumewe kelele kwenye bati la kipaza sauti kama anaita mbuzi. Mimi nimekaa na mtu huyu miaka zaidi ya hamsini na midomo yangu ni safi."

"Basi nifanye nini?"

"Soma la Vitya. Mzee tutamwambia ni kosa la watu wa Karaganda."

"Ni kosa langu."

"Karaganda ni mbali, hawatasikia."

Yerzat, mume wa Raikhan, aliingia kutoka zamu ya kiwandani akawakuta wanatazamana. Walipomweleza alikula maandazi matatu akifikiri, kisha akasema jambo jepesi: mkewe ataje jina la ukoo tu, liishe.

"Jina la ukoo ni la babu yako!" mama yake akafoka. "Hilo ndilo zito zaidi!"

"Basi nipande mimi nikalisome."

"Wewe ukishika kipaza sauti hata Akimu atakimbia. Nenda ukaoge."

Mwisho ikakubaliwa kwamba Mama Kulyan amweleze Ata kabla ya sherehe, polepole, kwa njia ya kike. Usiku ule hakumwambia. Asubuhi alimpigia pasi koti, akamfunga kifungo cha shingoni, akafungua mdomo, na akamwambia achukue leso.

*

Jumamosi upepo ulikuwa mdogo na jua la kutosha. Kibanda cha mtangazaji kiko juu ya jukwaa kuu, na Raikhan aliona kila kitu kutoka pale: jiwe chini ya kitambaa cha buluu, Akimu ambaye naye alikuwa amevishwa joho, majoho ya wazee yamekunjwa juu ya meza, na Ata mstari wa tatu, juu ya mto, kati ya mkewe na Yerzat. Nyuma yao ukoo mzima ulikuwa ukitafuna alizeti.

Akasoma historia kama ilivyoandikwa. Klabu ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha zinki, ikaitwa Avangard, ikachukua kombe. Baadaye ikaitwa Dala, ikashuka daraja, ikapanda, ikavunjwa, ikaunganishwa na timu ya mji jirani, ikatenganishwa, na leo inaitwa Arlan. Mabeseni hayakutajwa. Miaka miwili ambayo klabu haikuwepo kabisa, na mbuzi walikuwa wakila nyasi golini, iliitwa "kipindi cha mpito". Watu walipiga makofi.

Akimu akavuta kitambaa. Kitambaa kilinasa kwenye pembe ya jiwe, Sanzhar akaja kukinasua, kikaanguka.

Raikhan hakutazama jiwe. Alimtazama Ata akitoa miwani mfukoni, akiipangusa kwa leso, akiivaa. Ata alisoma jiwe kwa muda. Akaivua miwani, akaikunja, akairudisha mfukoni mahali palepale. Jirani yake wa mbele aligeuka kumwambia jambo, na Ata akatabasamu na kutikisa kichwa, tabasamu la mtu anayewatuliza wageni baada ya kumwagikiwa na chai.

Raikhan akaanza kusoma majina. Alianza chini, kwa washambuliaji, kama alivyosoma siku ile ya kwanza. Kila jina lilipigiwa makofi. Wale waliokufa walipigiwa zaidi. Alipofika kwa walinzi, alimwona Ata anaanza kuinuka. Alifanya hivyo taratibu, akishika bega la Yerzat, ameinamisha kichwa ili asiwazibe watu wa nyuma. Alikuwa anaondoka. Alitaka awe ameshatoka kabla ya jina la kipa, ili ukoo usilazimike kumtazama akiwa amekaa pale, na ili mkwe wake, kule juu, asisome mbele yake.

Raikhan alijua hivyo kwa sababu alimjua. Alijua pia kwamba Ata alikwisha kumsamehe, na hilo lilimuuma kuliko kama angekasirika.

"Golini," akasema.

Kipaza sauti kilibaki wazi. Uwanja mzima ulimsikia anapumua. Sanzhar, chini, aliinua uso. Mama Kulyan aliinua uso. Ilimjia Raikhan sura ya bibi yake aliyeuita mto yale maji, na akamwomba radhi kimoyomoyo.

"Otegen," akasema.

Lilitoka dogo, kama la mtu anayemwita aliye chumba cha pili. Akasafisha koo, akasogea karibu na kipaza sauti.

"Golini, Otegen Sarbasov. Kipa wa Avangard. Aliyecheza."

Ata alikuwa nusu ameinuka, mkono begani mwa mwanawe. Akasimama wima. Midomo yake ikacheza, na kule kibandani Raikhan hakusikia kitu, lakini Yerzat alimwambia baadaye kwamba mzee alisema, "Nipo," kama walivyokuwa wakiitika enzi zao kocha akiita kikosi.

Upande wa mashariki walikaa wazee wachache wa kiwandani. Mmoja wao akaita, "Otegen!" Mwingine akaita. Wengine wakafuata, hata vijana ambao hawakujua ni nani, kwa sababu jina ni zuri kuitwa na watu wengi. Halikuwa shangwe la kutikisa mji. Lilidumu kidogo, likatosha.

Simu ya kibandani ikalia. "Dada Raikhan!" Sanzhar akasema. "Akimu anauliza huyo ni nani."

"Mwambie ndiye kipa."

Sanzhar akakata simu. Raikhan alimwona akiinama sikioni mwa Akimu, akisema kwa muda mrefu, na Akimu akiitikia kwa kichwa. Kisha Sanzhar, ambaye tumeshasema hakuwa mtu mbaya, akachukua joho la Schmidt mezani, akapanda ngazi nalo mpaka mstari wa tatu. Lilikuwa limekatwa kwa mtu mnene. Mikono ilimfunika Ata vidole, na pindo likamfika viatuni, naye akakaa nalo hivyohivyo mpaka mechi ya sherehe ikaisha. Arlan walifungwa mbili bila.

*

Wageni walikula vizuri. Soseji ya nyama ya farasi, iliyowekwa tangu majira ya baridi, ilikatwa na kusifiwa. Raikhan alimimina chai bila kuinua macho. Aliyesubiriwa kusema alikuwa Nurila, mkubwa kati ya wadogo wa kike wa Ata, na alisema alipokwisha kushiba.

"Siku hizi wakwe wamepata midomo," akasema, akiangalia dari. "Wakati wetu mkwe hata kivuli cha baba mkwe hakukanyaga. Leo wanatuitia kaka yetu kwenye bati, mkoa mzima unasikia."

Raikhan akaweka birika chini. Akamtazama mama mkwe, akijua hukumu itatoka huko.

"Nurila," Mama Kulyan akasema, "wewe ulipolisikia ulifanya nini?"

"Nilifanya nini?"

"Ulilia. Nilikuwa mbele yako, ulinilowesha kitambaa. Kula nyama."

Nurila akala nyama.

Kijiji kilikuwa mbali, hivyo wageni waliondoka jua likiwa bado juu. Ata alikaa dirishani, ndani ya joho. Raikhan alikuwa anakusanya vyombo. Aliacha vyombo, akaja akasimama mbele yake, akainama.

"Ata, nisamehe. Kosa la jiwe ni langu. Na la leo pia ni langu."

"La jiwe nilijua," Ata akasema. "Schmidt hana ubavu wa kujichonga mwenyewe." Akakunja mkono wa joho, ukakunjuka tena. "Unajua, ndugu zangu wawili walikufa kabla sijazaliwa. Mama akanipa jina hili, kwamba mimi ndiye fidia yao. Alilipenda sana. Aliniita hata kama hana haja nami. Niko mbele yake, ananiita tu, nikimuuliza unataka nini, anasema sitaki kitu." Akacheka kidogo. "Leo nilipolisikia, nilidhani kwanza ni yeye."

Machozi yalimshuka Raikhan na hakuyafuta. Jikoni, mikono ya Mama Kulyan ilikuwa imetulia ndani ya maji ya beseni, maana hapakusikika chombo.

"Sanzhar anasema mwakani watachonga upya," Raikhan akasema.

"Wasimguse. Vitya hakucheza hata dakika moja, mwache acheze. Nitampigia nimwambie, atalia yule, ana machozi ya karibu. Kwenye jiwe awe yeye. Mimi nimeitwa." Akageukia dirisha.

Raikhan akarudi kwenye vyombo. Nje watoto walikuwa wakipiga mpira kwenye mlango wa gereji, na Ata akawa anawatazama, akisogeza bega kidogo kila mpira ulipokwenda golini.

"Otegen," ikasema sauti jikoni.

Ata hakugeuka. Alidhani labda kuna mgeni aliyebaki.

Mama Kulyan akatokea mlangoni, mikono inachuruzika maji, uso mwekundu kama wa bibi harusi. Ilionekana neno limemchosha na angependa lisihitaji kurudiwa. Akalirudia.

"Otegen. Chai inapoa."

Mzee akageuka pole pole ndani ya joho kubwa. Akamtazama mkewe muda mrefu.

"Nipo," akasema.